Ze Comedy ya kuchoma

Ukitaka leo kuiona The Carol Burnett Show, kipindi cha vichekesho, nyimbo na wageni waalikwa kilichorushwa na CBS ya Marekani kuanzia 1967 hadi 1978, unanunua boksi la DVD lenye jalada zuri na majina ya wote waliohusika. Ukitaka kuiona Ze Comedy ya EATV, ile ya akina Joti, Masanja, Mpoki, Vengu na wenzao kabla hawajahamia TBC1 na kuitwa Orijino Komedi, utaokoteza vipande YouTube. Mimi nilikuwa nalitegemea kabati la mjomba wangu, Bariadi.

Siku zile Bariadi ilikuwa wilaya ya Shinyanga. Mkoa wa Simiyu ulikuja 2012. Umeme ulikuwa wa mjini tu. Kwa hiyo kipindi hakikuwa na siku wala saa. Kilikuja na basi la kutoka Mwanza, kimechomwa kwenye CD tupu, juu yake mtu kaandika kwa maka pen: ZE COMEDI MPYA. Mpya yenyewe ya miezi mitatu nyuma, lakini nani alijali? Pamba ikishauzwa mjomba anatoa deki uani, betri ya gari inaazimwa kwa jirani, na watoto wa mtaa mzima wanakaa chini.

Jina la Masanja peke yake lilitosha kutuvunja mbavu. Ni jina la Kisukuma, darasani kwetu walikuwepo watatu. Halafu ile taarifa ya habari ya kuigiza! Niliijua hiyo kabla sijaizoea ya kweli, na nilipokuja kuanza kazi ya uandishi wa habari nilikuta baadhi ya wasomaji wa habari wa kweli wananichekesha bila kukusudia.

Aliyerekodi CD zile hakukata kitu. Matangazo ya biashara yamo, nembo ya kituo imo kwenye kona, na mahali fulani picha inaruka kwa sababu mtu kagusa waya. Leo hivyo ndivyo navitafuta zaidi. Boksi rasmi lingevisafisha vyote.

Wizi ni wizi, sibishi. Wasanii hawakupata hata senti kwenye CD za mjomba, na stempu za TRA kwenye CD za muziki na filamu zilikuja 2013, wakati biashara yenyewe inaanza kuhamia kwenye flashi. Lakini kuwa na ghala rasmi nako si dawa. BBC, pamoja na utajiri wake, ilifuta sehemu kubwa ya Not Only... But Also, kipindi cha Peter Cook na Dudley Moore cha miaka ya 1960, kwa sababu kanda zilikuwa ghali na zilitakiwa kurekodia vitu vingine. Sisi angalau tulikuwa na wezi wasiofuta.

Mwaka jana nilifungua lile kabati. Nilikuta CD kumi na tisa, nyingine zimebanduka ule utando wa fedha kama ngozi ya kitunguu. Zilizokubali kusoma ni sita, na mbili kati ya hizo zinaganda katikati, sauti inaendelea huku mdomo wa Joti umeachwa wazi.

Nikazipeleka stendi kwa kijana anayeingiza nyimbo kwenye simu. Ana kompyuta ya zamani yenye sehemu ya CD, kitu adimu siku hizi. Alikaa akiangalia huku zinakopi, akaanza kucheka, akamwita mwenzake wa duka la pili. Wote wawili walikuwa hawajaanza hata shule kipindi kile.

"Kaka, naomba nibaki na kopi," akasema. "Hizi zitauzika."

Hotuba yangu ya hakimiliki nilikuwa nayo tayari mdomoni. Nikamuuliza kwanza atauza shilingi ngapi.

"Mia tano kila moja. Wewe si nakufanyia bure?"