Mvinyo Niliufuata Dodoma, Nikakuta Kesi ya Shamba

Asikwambie mtu, siku hizi Dodoma ni pua na mdomo. Zamani basi lilikuwa linakula kutwa nzima, unashuka miguu imevimba. Tangu treni ya umeme ianze safari za huko Julai 2024, mtoto wa Dar unaondoka alfajiri, kabla ya mchana unapigwa vumbi la Ugogoni, na usiku unalala kwako.

Aliyenialika ni mshikaji mmoja niliyesoma naye sekondari, sasa anauza viatu Kariakoo. "Twende ukaonje mvinyo kiwandani," akaniambia. Mambo ya kuonja mimi huwa siulizi mara mbili. Kumbe mwenzangu ana lake mfukoni! Kuna mtu anataka kununua ekari moja ya mizabibu aliyoacha marehemu baba yake kule Hombolo, akate viwanja. Mama mtu hataki kusikia. Mimi nimebebwa niwe shahidi.

Basi bwana, tukaanzia kiwandani. Zabibu zilikuwa zinashushwa kwenye makreti, nyuki wamejaa kama wamealikwa. Mashine inazipasua na kutupa vikonyo. Kijana mmoja wa pale akaminya zabibu nyeusi tii mbele yangu, maji yakatoka meupe. Nilishangaa, jamani. Akasema wekundu wa mvinyo uko kwenye ganda, ndiyo maana mchuzi wa zabibu unaachwa uchachuke pamoja na maganda yake. Ukitaka mweupe, unakamua mapema.

Wakanimiminia mwekundu usio na sukari. Nilikunja sura kama nimelamba ukwaju. Glasi ya pili nikaielewa, ya tatu mshikaji akaninyang'anya. Na hapo niseme: wale wanaojidai baa na chupa za Afrika Kusini wakati hiki kiko nyumbani, wanatuchosha.

Mwenzangu hakuwa na habari na glasi. Alikuwa anauliza bei. Akajibiwa kwamba wanapokea kwanza za wakulima wenye mkataba, wengine wasubiri. Sasa zabibu iliyoiva inasubiri nini? Siku chache tu jua na ndege vinamaliza kazi. Alitoka pale amenuna, karatasi ya mnunuzi ameishika mkononi.

Shambani tulimkuta mama na kitenge chake, anapita mstari kwa mstari. "Shikamoo mama." "Marahaba wanangu, mbukwa!" Akatupa kishada kila mmoja, akaanza kunifundisha kama mwanafunzi wake. Mzabibu wa Dodoma hauna baridi ya kuulaza kama Ulaya. Mkasi ndio unaouamsha. Ukishapogoa, safari inaanza upya, na mwenye maji anavuna mara mbili kwa mwaka. Mbegu hizo, alisema, wazee walizipata kwa mapadri wa Kiitaliano wa Bihawana.

Mshikaji akakohoa, akatoa karatasi. Mama hakuipokea. Akaingia ndani, akarudi na daftari la shule lililochakaa. Kila msimu umeandikwa: makreti mangapi, nani kalipa, nani bado. Na pembeni, kwa kalamu nyekundu: ada ya fulani, kidato cha kwanza, cha pili, hadi cha nne. Huyo fulani ndiye aliyekaa karibu yangu.

"Hayo madeni unayaona?" mama akamuuliza. "Sikatai kwamba wanatusumbua. Ila hiyo hela ya kiwanja utaila mara ngapi, mwanangu?"

Mtu mzima wa Kariakoo, bingwa wa maneno, kimya. Mimi shahidi nikajifanya natafuna zabibu.

Jioni kwenye treni tulikuwa na chupa mbili na mfuko wa zabibu, na hatukuongea mpaka Morogoro. Hapo simu yake ikaita. Mnunuzi. Akaiangalia ikakatika, ikaita tena, akapokea.

"Kaka, ngoja tuchume kwanza," akasema, akaizima.