Usukani wa Zamani: Daftari la Pomona, Torino na Beaulieu

Gulio la spea la Pomona, mashariki ya Los Angeles, huanza kabla ya jua kuchomoza. Saa kumi na moja alfajiri wanunuzi wamekwisha kuingia na tochi zao, wamepiga magoti kando ya maturubai yaliyotandazwa chini, wanapekua kabureta, taa, vitasa vya milango na boneti zilizoota kutu. Mimi nilikwenda kutafuta sukani. Ndiyo sehemu ya gari niipendayo kuliko zote, kwa kuwa dereva haiachi tangu anapowasha injini hadi anapoizima, na nilitaka kuona inavyothaminiwa huko ilikotengenezwa.

Muuzaji mmoja mwenye mvi alikuwa amezitundika zake kwenye wavu wa chuma nyuma ya lori. Alinishushia mmoja, wa Ford ya mwishoni mwa miaka ya 1930, akaniambia nisiupime kwa macho. Niliushika. Duara lake ni jembamba ajabu kwa mkono uliozoea magari ya leo. Vidole vinalizunguka na nafasi ikabaki. Nyuma yake kuna vibonde vya kuegemeza vidole. Upande wa kulia vibonde vilikuwa bado vina kingo, lakini upande wa kushoto, kuanzia katikati kupanda juu, vilikuwa vimelika vikawa laini kabisa. Sababu haikuhitaji maelezo: Marekani dereva hukaa kushoto, mkono wa kulia una kazi ya gia, na wa kushoto ndio unaobaki na usukani. Sukani nilizowahi kushika Nairobi na Dar es Salaam zimelika upande wa kulia, kwa sababu ileile iliyogeuzwa. Mtu aliyeliendesha gari lile simjui, lakini alikoweka mkono wake napajua.

Hadhi ya usukani kama ule imeletwa na hotirodi. Ford ilipotoa gari lenye injini ya V8 mwaka 1932, la nguvu za farasi 65, mwendo uliokuwa wa matajiri uliingia mikononi mwa mtu wa kawaida. Magari hayo yalipochakaa na bei kushuka, vijana wa kusini mwa California waliyanunua, wakavua madigadi, wakapunguza uzito, wakazifanyia injini mapya na mapya, kisha wakaenda kushindana kwenye maziwa makavu ya jangwani, Muroc na El Mirage. Mwaka 1937 walianzisha chama cha kupima mwendo kwa utaratibu, Southern California Timing Association, na mwaka 1949 chama hicho kilifanya wiki yake ya kwanza ya mashindano kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, jimbo la Utah. Mashindano hayo yapo hadi leo.

Hotirodi ni gari la kuunganisha: injini ya gari hili, ekseli ya lile, taa za jingine. Kwa hiyo usukani wake haukuja na gari. Kuna mtu aliyeutafuta, akaupata, akaufunga, na kila mjuzi anayechungulia dirishani anaanza hapo kumsoma mwenye gari. Akiona usukani wa Ford Deluxe ya 1940 ndani ya gari la 1932, anajua kwamba mwenyewe anafuata mtindo wa miaka iliyofuata Vita vya Pili vya Dunia. Akiona ule wa spoki za nyaya nyembamba zilizopangwa kwa mafungu, ambao wenyewe huuita banjo, anajua mwenyewe anapenda starehe ya miaka ya 1930. Nyaya zile hazikuwekwa kwa urembo tu. Hucheza kidogo, zikapunguza mtetemo wa barabara mbovu kabla haujafika viganjani.

Halafu kuna ule wa spoki nne wa Bell. Katika mji mdogo wa Bell, pembeni mwa Los Angeles, George Wight alikuwa na duka la spea, Bell Auto Parts, lililowalisha wajenzi wa magari ya mbio kwa miaka mingi. Mwaka 1945 duka lilishikwa na Roy Richter, naye mjenzi wa magari ya mbio, na humo ndimo zilimotoka baadaye kofia ngumu za Bell ambazo waendesha pikipiki dunia nzima wanazifahamu. Usukani wa Bell ulikuwa wa viwanja vya mbio za udongo, ambako gari hupita kwenye kona likiteleza kiubavu na dereva hugeuza usukani kinyume na kona ili lisimzunguke. Kwa kazi hiyo spoki lazima ziwe imara na duara liwe la kushikika. Waliotoka viwanjani waliuhamishia kwenye magari yao ya barabarani, na ukiuona leo ndani ya gari la 1932 lenye rangi nyeusi isiyong'aa, hutatamani kuongezewa kitu kingine kwenye dashibodi.

Upande wa mashariki wa Los Angeles mambo ni tofauti. Vijana wenye asili ya Mexico walishusha magari yao hadi yakakaribia lami, wakayaendesha polepole Whittier Boulevard, na sukani zao zikawa ndogo, nyingine zimetengenezwa kwa mnyororo halisi uliochomelewa ukawa duara, kisha ukapigwa kromu. Niliushika mmoja. Mkononi sikuupenda, kwa sababu pingili zinauma na hazimpi dereva nafasi moja ya kutulia. Lakini kazi ya uchomeleaji ilikuwa safi mno, kila pingili imeegemea mwenzake kwa pembe ileile, na aliyeutengeneza alikuwa na kila haki ya kujivunia.

Udogo nao una gharama yake. Sukani za Marekani za enzi hiyo zilikuwa na upana wa inchi 17 au 18 kwa sababu hakukuwa na haidroli ya kumsaidia dereva; Chrysler ndiyo iliyoileta kwenye gari la abiria, mwaka 1951. Usukani mpana ni wenzo mrefu: mkono unasafiri mbali zaidi, lakini nguvu inayohitajika ni ndogo. Funga usukani wa inchi 13 kwenye gari zito lisilo na haidroli, ujaribu kuliegesha, ndipo utakapojua kwa nini wazee walivumilia sukani kubwa zilizokaribia kugusa mapaja yao. Hilo ni jambo ambalo wanunuzi wengi wa Pomona wanalisahau wanapovutiwa na kromu.

Torino nilikuta heshima ya aina nyingine kabisa. Pale usukani una jina la fundi: Enrico Nardi, mzaliwa wa Bologna mwaka 1907, aliyekuwa mhandisi, dereva wa majaribio na mshindani. Enzo Ferrari alipojenga gari lake la kwanza baada ya kuachana na Alfa Romeo, lile lililoitwa 815, Nardi alishiriki kuliunda, na mwaka 1940 alikaa humo pamoja na Lotario Rangoni katika mbio za Mille Miglia. Magari mawili yaliingia, yote mawili hayakumaliza. Mapema miaka ya 1950, akiwa na karakana yake Torino, Nardi alianza kutengeneza usukani wa mbao wenye spoki tatu za alumini, na ndio uliolifanya jina lake lidumu. Ferrari nyingi za miaka ya 1950 na 1960 zimeuvaa.

Fundi mmoja wa mjini humo aliniwekea mmoja mezani, umefunguliwa. Mfupa wake ni bamba la alumini linalozunguka duara zima. Juu na chini ya bamba hilo hugandishwa vipande vya mbao vilivyopindwa, kisha hukazwa kwa ribiti ndogo zinazopita kutoka upande mmoja hadi wa pili. Baada ya hapo ni tupa, msasa na vanishi, tabaka baada ya tabaka. Ukitembeza kidole nyuma ya duara unazihisi ribiti moja moja kama punje za tasbihi. Spoki ni baridi, mbao ina joto, na dereva anajua bila kutazama mkono wake uko wapi. Fundi yule hakukubali kuuita pambo. Alisema mbao haitelezi kama plastiki za zamani zilivyoteleza kiganja kilipotoka jasho, na kwamba dereva aliyevaa glavu za ngozi huipata vizuri zaidi. Mimi niliondoka nikiamini kwamba uzuri wa Nardi umetokana na kazi, si kinyume chake.

Mwaka 1964 Mwitaliano mwingine, Gianpiero Moretti, alitaka usukani mnene zaidi kwa gari lake la mbio. Dereva John Surtees akaupenda, akautumia kwenye Ferrari mwaka uleule aliotwaa ubingwa wa dunia, na kampuni ya Momo ikazaliwa. Tangu hapo duara limezidi kunenepa. Sukani nyembamba zikabaki kwa wapenzi.

Nilipita Paris, nikaona Citroën DS, gari la 1955, lenye usukani wa spoki moja tu. Sijui usukani mwingine unaothubutu kiasi hicho na kufaulu.

Uingereza kitovu cha mambo haya ni Beaulieu, kijiji cha New Forest chenye Makumbusho ya Taifa ya Magari, ambako kila Septemba hufanyika gulio kubwa la spea lililoanza mwaka 1967. Kule unakutana na sukani za Bluemels, na za Moto-Lita ya Thruxton, pamoja na zile za Jaguar E-Type, gari lililoonyeshwa Geneva mwaka 1961 likiwa na usukani wa mbao na spoki tatu zilizotobolewa matundu. Mwingereza hakuulizi kwanza kama usukani unapendeza. Anauliza kama ndio uliotoka kiwandani na gari hilohilo, mwaka huohuo. Mmarekani wa Pomona angeona swali hilo halina maana. Kwake usukani uliohamia gari jingine ndio wenye hadithi.

Mzozo mkubwa niliousikia kote ni wa nyufa. Plastiki za miaka ya 1930 na 1940 husinyaa kwa jua na umri, wakati chuma kilicho ndani hakisinyai, kwa hiyo duara hupasuka. Matengenezo yake ni ya subira: ufa unapanuliwa kwa msumeno mdogo hadi kwenye chuma, kingo zinalazwa kwa pembe, unajazwa gundi nzito ya epoksi, unaachwa ukauke vizuri, unapigwa msasa, unafungwa kwa rangi ya msingi na kupakwa upya. Wapo wanaosema usiguse kitu. Wapo wanaorudisha usukani ukafanana na wa siku ulipotoka kiwandani. Msimamo wangu ni huu: ufa unaokata kiganja uzibwe, lakini pale palipolika kwa mikono ya dereva pasijazwe kamwe. Ufa umeletwa na jua. Ulikaji umeletwa na mtu, na ukishaufunika haurudi.

Kuna jambo moja ambalo mpenzi wa sukani hana budi kulisema waziwazi. Nyuma ya usukani wa zamani kulikuwa na nguzo ya chuma iliyonyooka hadi kwenye boksi la usukani karibu na ekseli ya mbele. Gari likigonga, nguzo hiyo ilirudi nyuma kumkabili dereva kifuani. Kitabu cha Ralph Nader cha 1965 kiliwaeleza Wamarekani ukweli huo, na sheria za kuanzia 1968 zikalazimisha nguzo zinazojikunja. Mwenye gari la zamani aendeshe akilijua hilo, afunge mikanda, na asione aibu kufunga nguzo ya kisasa nyuma ya usukani wake wa zamani. Wajenzi wengi wa hotirodi wamefanya hivyo.

Nairobi tunayo maonyesho ya magari ya Ngong Racecourse, yaliyoanza 1971, ambako usafi wa ndani ya gari hupewa alama. Lakini magari yetu mengi yenye historia hayafiki huko. Peugeot 404 na 504, Land Rover, Volkswagen na Datsun zilizobeba watu na mizigo kwa miongo mingi ziko gereji na nyuma ya nyumba. Kwenye maduka ya Kirinyaga Road na ya Gerezani, Dar es Salaam, kitu cha kwanza kinachong'olewa, gari linapopewa sura mpya, ni usukani. Unawekwa wa kisasa wenye rangi, ule wa asili unakwenda na chuma chakavu.

Kama una gari la baba au la babu na umeamua kubadilisha usukani, mwombe fundi akurudishie ule uliotoka. Ufunge kwa kitambaa, andika aina ya gari, mwaka na jina la aliyeliendesha, uuweke mahali pakavu pasipopigwa na jua.