Mchanga wa Jirani

Wanafunzi wangu wa hapa Kampala hujifunza neno "pwani" mapema, nao huridhika kujua kwamba ni ukingo wa bahari. Mimi huwaomba walitazame tena. Ndani yake kimo kitenzi "kupwa": maji hupwa yanaporudi nyuma na hujaa yanaporejea. Pwani, basi, ni mahali pa kupwa kwa maji, ardhi ambayo bahari huifunua na kuifunika mara mbili kila siku. Waliolitumia neno hili kwanza walijua kwamba mpaka wa bahari na nchi kavu haukai mahali pamoja. Sisi tunaojenga karibu na maji tumeanza kulisahau jambo hilo.

Mawimbi yana kazi mbili: kubomoa na kujenga. Yanapopiga genge la mwamba, maji huisukuma hewa ndani ya nyufa, nyufa zikapanuka, na mawe yanayoanguka yakabebwa na mawimbi yajayo kuupiga tena mwamba uleule. Mwamba mgumu hustahimili na kuchomoza baharini kama rasi. Ulio laini huliwa na kuacha ghuba. Penye magenge ya matumbawe ya kale, ambayo ni mengi katika pwani ya Afrika Mashariki, mawimbi hukata sehemu ya chini hadi jiwe la juu likabaki limening'inia kama upenu wa nyumba.

Kilichobomolewa hakipotei. Husagwa kikawa mchanga, ukachanganyika na ule unaoletwa na mito, na mchanga huo husafiri. Upepo wa kusi huyapeleka mawimbi ufukoni kwa mshazari, na mchanga husogea kidogo kidogo kuelekea kaskazini. Ukifika msimu wa kaskazi, sehemu yake hurudishwa kusini. Unapotulia hufanya fukwe, mafungu, na ndimi za mchanga kwenye midomo ya mito. Ufuo unaouona leo ni mchanga ulio safarini.

Jambo hili nilifundishwa na mvuvi kabla sijalisoma kitabuni. Nilipokuwa mwanafunzi Dar es Salaam nilipanga chumba kwa mzee mmoja katika eneo la Kunduchi, kaskazini mwa jiji. Diko lao, mahali walipozoea kupandisha ngalawa na kuuzia samaki, lilikuwa likipungua kila mwaka. Minazi ya mbele ilisimama mizizi nje, na iliyokuwa mbele yake zaidi ilikwisha kuanguka. Kusini mwao, hoteli moja ilikuwa imejenga vikuta vya mawe vinavyotoka ufukoni na kuingia baharini. Upande wa hoteli ufuo ulikuwa mpana na mweupe. Siku moja nilimwuliza mzee bahari imekipeleka wapi kiwanja chao. Akaelekeza kidole kwenye vile vikuta, akasema, "Bahari haikuchukua kitu, mwanangu. Mchanga wetu uko kwa jirani."

Alikuwa sahihi. Kikuta cha namna ile huuzuia mchanga ulio safarini, ukajikusanya upande mmoja. Upande wa pili mawimbi huendelea kuchukua kama kawaida, lakini hakuna kinachokuja kujaza pengo. Hata hivyo, hoteli peke yake haikutosha kuwa sababu. Mchanga ulichimbwa kwa ajili ya ujenzi katika mito ya eneo lile, kama Tegeta na Mbezi, usifike baharini. Miamba ya matumbawe, ambayo huyapunguza nguvu mawimbi kabla hayajafika ufukoni, iliharibiwa na uvuvi wa baruti. Kila aliyechukua alichukua kidogo, na bandu bandu huisha gogo.

Anayetaka kuona gogo likiisha kabisa na aende Pangani, mkoani Tanga. Mbele ya mji huo kilikuwapo kisiwa kidogo cha Maziwe, chenye miti ya mivinje, na kasa wengi walikwenda kutaga humo. Miti ilikatwa, na mizizi iliyoushika mchanga ikaondoka. Mwaka 1975 kisiwa kilitangazwa kuwa hifadhi. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 hakikuwa kisiwa tena, bali fungu la mchanga linaloonekana maji yanapokupwa. Kasa bado huja kutaga pale pale. Watu wa huko huyakusanya mayai na kuyahamishia ufuo wa Ushongo, bara, yasifunikwe na maji.

Je, ukuta haufai kamwe? Unafaa pale ambapo kilichoko nyuma yake hakihamishiki. Ukuta uliokamilika mwaka 2018 kando ya Barabara ya Barack Obama, jijini Dar es Salaam, unailinda barabara kuu ya jiji, na mradi uliougharimia ulihusisha pia kupanda mikoko na kuhuisha matumbawe. Lakini ukuta ni ghali, na wimbi linaloupiga hurudi na nguvu yake, likachota mchanga ulio miguuni pake. Mikoko hufanya kinyume: mizizi yake hutuliza maji na kunasa tope. Usipoziba ufa utajenga ukuta; ufukoni methali hii haina mafumbo.

Njia iliyo nafuu kuliko zote ni kuyaachia maji nafasi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufuo wa bahari au ziwa. Hapa Uganda, kanuni za mwaka 2000 zimeweka mita 200 kwa maziwa makubwa. Wengi walizidhani hesabu hizo kuwa usumbufu wa ofisini, hadi mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipofurika na kuingia katika nyumba, hoteli na maliwali ya samaki yaliyojengwa ndani ya eneo hilo.

Sheria hizo hazilindi samaki na miti tu, zinamlinda jirani. Mtu anapoomba kibali cha kujenga kando ya maji, sheria hudai tathmini ya athari kwa mazingira, na wananchi wana haki ya kutoa maoni. Mara nyingi anayeulizwa ni mwenye kiwanja na wale wanaopakana naye. Ninyi mkiitwa katika kikao kama hicho, ulizeni kwanza mchanga unaelekea wapi, kisha dai kwamba wanaoishi huko nao wasikilizwe kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa.