Siku Niliyosali Juu ya Kiti



Leo siandiki habari za mishono wala rangi za harusi za msimu huu. Nataka kuwasimulia habari ya goti langu. Nawaomba mabibi harusi watarajiwa msome mpaka mwisho, maana kosa nililolifanya mimi naliona likifanywa dukani kwangu kila siku.

Kazi yangu ni ya kukaa. Nilipomaliza skuli nilisomea ushoni, na tangu hapo mgongo wangu umezoea kiti na mguu umezoea cherehani. Ukiingia msimu wa harusi, baada ya Ramadhani, naweza kukaa kutoka asubuhi hadi usiku nikinyanyuka kwa sala na chakula tu. Mwaka jana nikapimwa presha, ikawa juu. Daktari akaniambia nipunguze chumvi, nipunguze uzito, nitembee. Mimi kwa haraka zangu sikutembea. Nilikimbia.

Nikajiunga na majirani wanaokimbia alfajiri barabarani. Nilivaa raba za mtumba zilizokwisha soli, na lami ni ngumu kama jiwe. Wiki ya tatu goti la kulia likavimba kama andazi. Adhuhuri ya siku ile nikashindwa kulikunja, nikavuta kiti, nikasali nimekaa.

Mama yangu anasali juu ya kiti, lakini yeye ana miaka 71. Dini yetu ni nyepesi, asiyeweza kusujudu amepewa ruhusa, alhamdulillah. Mimi nina miaka 36. Nilisali juu ya kiti siku 16, na kila nilipoinamisha kichwa bila paji la uso kugusa mswala, machozi yalinitoka. Sikujua kuwa sijda ni neema kubwa kiasi kile mpaka iliponitoka.

Hospitali walinipa mazoezi madogo madogo ya kukunja na kunyoosha mguu. Uvimbe ulipopungua, akaja mteja wangu mmoja, mwalimu wa michezo wa skuli, kujaribu nguo yake. Akaniona nachechemea, nikamweleza.

"Dada, ulianza kwa pupa," akaniambia. "Halafu juu ya lami, na viatu vibovu. Njoo Jumamosi uwanjani, utembee kwanza."

Nilipomwambia mume wangu, akasita. "Mama watoto, pale si kuna wanaume?" Sikumlaumu, kwani hata mimi nilikuwa na haya. Tukakubaliana niende baada ya sala ya alfajiri na wanawake wenzangu, nivae nguo ya stara, naye anisindikize siku ya kwanza aone mwenyewe. Alikuja, akaona. Kesho yake akaninunulia raba mpya, Allah amzidishie.

Ile njia nyekundu inayozunguka uwanja mimi nilidhani ni rangi tu iliyopakwa juu ya zege. Nikainama nikaibonyeza kwa kidole gumba kama ninavyobonyeza kitambaa dukani. Ikabonyea kidogo, ikarudi.

Mwalimu akanieleza kuwa wengi huiita tartani. Ni chembe za mpira zilizoshikanishwa kwa gundi maalumu. Viwanja vingine, tabaka la chini hutengenezwa kwa matairi chakavu yaliyosagwa, na juu huwekwa mpira mpya wenye rangi. Unene wake wote ni kiasi cha sentimita 1 na kidogo, na chini yake pana lami au zege. Zamani wanariadha wakikimbia juu ya majivu ya makaa na udongo, mvua ikinyesha pakawa matope. Michezo ya Olimpiki ya kwanza kukimbiwa juu ya tartani ilikuwa ya Mexico City, mwaka 1968.

Kanuni za riadha za dunia zinataka uso ule upunguze kishindo cha mguu kwa asilimia 35 hadi 50, ukilinganisha na sakafu ya zege. Lakini pia usizame mno. Mguu ukikanyaga, uso unatakiwa ushuke kati ya milimita 0.6 na 2.5 tu. Hapo nikaelewa kifundi. Lastiki ngumu inabana kiuno, na iliyolegea haishiki nguo. Nzuri ni ile inayokubali kuvutika kisha ikarudi. Mchanga mkavu wa pwani ni laini, lakini unameza mguu wala haukurudishii kitu, ndiyo maana ukitembea juu yake unachoka upesi.

Dada unayetaka kwenda, chukua haya kutoka kwangu:

Nenda alfajiri au baada ya alasiri. Mpira unashika joto, na jua la mchana likiupiga utalihisi nyayoni.

Mzunguko wa ndani ni mita 400. Wanaotembea tukae nje tuwaachie wakimbiaji njia za ndani. Njia ya nane inakaribia mita 453, kwa hiyo hupotezi kitu, unapata ziada.

Usipande na viatu vya visigino, vinatoboa na kuharibu.

Vaa suruali pana na gauni linaloishia katikati ya muundi, lenye mpasuo pembeni, ili usijikwae. Mtandio uwe wa kitambaa cha jezi, usiotaka pini.

Na mtu asikwambie kuwa mwanamke wa Kiislamu hana nafasi hapo. Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, alishindana mbio na Mtume wetu, rehma na amani ziwe juu yake. Mara ya kwanza Bibi Aisha alishinda, na mara nyingine, mwili wake ulipoongezeka, akashindwa. Katika zama zetu, Roqaya Al-Ghasara wa Bahrain alikimbia na hijabu yake akachukua dhahabu ya mita 200 katika Michezo ya Asia mjini Doha, mwaka 2006.

Mimi sijafika huko, bado natembea. Nilianza mizunguko miwili, sasa ni sita. Goti bado linanikumbusha nikipanda ngazi, na presha bado napimwa. Uwanja peke yake haukuniponya. Kulikuwa na mazoezi ya hospitali, subira, na kupunguza chapati. Lakini asubuhi moja nilirudi nyumbani, nikatandika mswala kusali dhuha, nikashuka polepole mpaka paji la uso likagusa chini. Nilikaa katika sijda ile muda mrefu.

Mwezi huu alikuja bi harusi, zimebaki siku kumi. Anataka nipunguze kiuno inchi tatu. Mchana anakula tango, usiku anaruka kamba peku juu ya sakafu ya saruji. Nikamwambia, "Mwanangu, harusi ni siku moja, magoti ni ya kusalia umri mzima." Nguo nimeishona kwa kipimo chake cha leo, na nimeacha akiba ya kitambaa ndani ya mshono. Jumamosi ameahidi kuja uwanjani nami, in shaa Allah.

Allah atupe afya ya kumuabudu. Amin.