Simu, Mihogo na Ujumbe Nilioutuma

Nilipokuwa mwaka wa kwanza chuoni nilirudi nyumbani Ngora, mashariki mwa Uganda, kwa likizo ya Desemba nikiwa na simu mpya na programu iitwayo PlantVillage Nuru. Programu hiyo ilitengenezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, wakishirikiana na wataalamu wa IITA na FAO. Kazi yake ni rahisi kueleza. Unaelekeza kamera kwenye jani la muhogo, nayo inakuambia kama jani lina ugonjwa na ni ugonjwa gani. Ukishaipakua haihitaji intaneti, jambo ambalo kwetu ni kubwa kuliko mengine yote, kwa sababu ukitaka mtandao lazima utembee hadi barabarani. Tena ina Kiswahili. Mimi mwanafunzi wa Kiswahili niliichagua lugha hiyo kwa majivuno kidogo.

Nyanya yangu alikuwa shambani. (Walimu wangu waniwie radhi. Darasani tunaandika "bibi", lakini kwetu ukisema "bibi yangu" watu huuliza umeoa lini.) Nilipoanza kumsomea kwa sauti maneno yaliyotokea kwenye kioo cha simu, aliweka jembe chini akanitazama.

"Kiswahili kinatafuta nini kwenye mihogo yangu?" akauliza.

Kwa mtu wa umri wake Kiswahili ni lugha iliyokuja na askari. Iliamuru watu walale chini, kisha ikaondoka na kuku. Kwamba leo serikali inataka watoto wote waisome shuleni, hilo kwake ni habari ya redioni. Sikumbishia. Nikamtafsiria kwa Kiteso, sentensi moja baada ya nyingine, na ukweli ni kwamba mimi mwenyewe nilikuwa najifunza. Darasani nilikuwa nimefundishwa ngeli na viambishi, lakini neno "batobato" nililipata kwenye simu, katikati ya mihogo. Vivyo hivyo "michirizi ya kahawia" na "pingili", vile vipande vya shina tunavyopanda.

Batobato nyanya aliutambua mara moja kwa maelezo: majani yenye mabaka ya njano, yaliyojikunja na kudumaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ugonjwa huo uliteketeza aina ya muhogo iliyopendwa sana Teso, iitwayo Ebwanateraka. Wakati huo ng'ombe wengi walikuwa wameshaporwa katika uvamizi na vita vya miaka ya 1980, kwa hiyo muhogo ndio uliokuwa umebaki kama akiba ya nyumba, na akiba hiyo nayo ikaondoka. Watu walikufa kwa njaa. Aina mpya zilizotolewa na watafiti wa Uganda, zile za NASE, ndizo zilizorudisha mihogo mashambani. Nyanya hulitaja neno NASE kama mtu anayemtaja mkwe mwema.

Michirizi ya kahawia ni adui wa tabia nyingine. Ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1936 na mtafiti aitwaye Storey huko Amani, katika milima ya Usambara, Tanganyika, na kwa muda mrefu ulihesabiwa kuwa ugonjwa wa pwani na nyanda za chini. Mwaka 2004 ukaonekana tena Uganda, mbali kabisa na bahari. Kama batobato, huenezwa na nzi weupe wadogo na pia na pingili zinazotoka shamba moja kwenda jingine. Ubaya wake ni kwamba mti unaweza kupendeza juu huku muhogo ukioza chini. Majani machanga kwa kawaida hayaonyeshi kitu. Dalili hujitokeza kwenye majani yaliyokomaa, yale ya chini.

Hapo ndipo nilipokosea. Ilikuwa Januari, kiangazi kimeshika, na mihogo ilikuwa imepukutisha majani ya chini, imebaki na vishungi vya juu tu. Nikapiga picha kilichokuwepo. Wakati mwingine nilipima jani moja kwa mti mzima, ingawa programu inafanya kazi vizuri zaidi ukiipa majani kadhaa ya mti huohuo. Kila mahali ikasema jani ni zima, na kwa haki ya Mungu majani yale yalikuwa mazima. Simu ilijibu swali nililoiuliza. Swali ndilo lililokuwa baya.

Jioni nilitembea hadi barabarani nikatuma ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la vijana wa kanisa letu: mihogo ya nyanya imepimwa kwa simu, ni mizima, mvua zikianza njooni mchukue mbegu. Nikaambatisha picha ya simu yenyewe ikionyesha jibu. Sikuwahi kupata vidole gumba vingi namna ile maishani mwangu. Mwezi Machi familia saba zilikuja kwa baiskeli na bodaboda. Walikata mashina tu, mihogo ikaachwa ardhini iendelee kukomaa, kwa hiyo hakuna aliyeona kilichokuwa chini.

Mwezi Mei, nikiwa chuoni, niliandika insha kuhusu vijana na teknolojia ya kidijitali katika usalama wa chakula. Nilisema kijana mwenye simu ni daraja kati ya maabara na shamba. Nilipata alama nzuri kuliko zote nilizowahi kupata. Mwezi Juni nyanya akanipigia kwa simu yake ya tochi. Alikuwa amechimba muhogo wa kwanza, akaukata, akakuta ndani kuna mabaka makavu ya kahawia kama gome. Akachimba wa pili na wa tatu. Hakunigombeza. Alisema tu, "Njoo uwaambie mwenyewe."

Nilipofika, nilidhani ningetuma ujumbe mwingine kwenye kundi. Nyanya alikataa. Alisema wale watu walikuja kwa miguu yao, na mimi niende kwa miguu yangu. Ilinichukua siku mbili. Safari hii mvua zilikuwa zimenyesha, majani ya chini yalikuwepo, na nilipima majani sita kwa kila mti. Katika mashamba matano kati ya saba, simu ilionyesha michirizi ya kahawia. Ushauri kwa hali kama hiyo unajulikana: ng'oa miti iliyougua, iteketeze, panda mbegu safi.

Mama mmoja mjane alikuwa amepanda nusu ekari, akiacha karanga ambazo huzipanda kila mwaka. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, simu yako ilisema mihogo ni mizima. Sasa inasema ni migonjwa. Kesho itasema nini?" Nikamwambia simu haikuwa na kosa, kosa lilikuwa langu. Akaitikia kwa kichwa, akauliza swali ambalo hakuna programu iliyonisaidia kulijibu: akiing'oa, atapanda nini, na watoto watakula nini mpaka mwakani? Hakung'oa. Aliamua kuivuna mapema, kabla kuoza hakujaenea, akaumenya kila muhogo na kutupa sehemu zilizoharibika. Alipata mihogo midogo, na si mingi. Siwezi kusema aliamua vibaya.

Tangu siku ile nimekuwa nikipiga hesabu moja. Ukipanda mihogo kwa nafasi ya mita moja kwa mita moja, ekari moja inameza pingili 4,000 hivi. Mti mmoja mzuri, ukiutunza mwaka mzima, hutoa pingili kama kumi. Kwa hiyo ili upate mbegu safi ya ekari moja unahitaji miti mizima 400 na mwaka mmoja wa kusubiri. Ujumbe wangu wa WhatsApp ulifika kwa watu wote wa kundi kabla sijarudisha simu mfukoni. Tunapozungumza juu ya kuwawezesha vijana kwa teknolojia, mara nyingi tunasifu kasi hiyo, nami niliisifu katika insha yangu. Lakini kosa nalo husafiri kwa kasi hiyohiyo, na mbegu ya kulirekebisha huja kwa mwendo wa muhogo.

Sijaifuta programu. Ningekuwa mjinga kuifuta, kwa sababu maafisa ugani kwetu ni wachache na mashamba ni mengi, na mwezi Juni ndiyo iliyonionyesha miti ambayo macho yangu yangeipita. Kilichobadilika ni namna tunavyoitumia. Vijana wanne wa kundi letu, wawili wao ni waendesha bodaboda, sasa tunapima mihogo ikiwa na miezi mitatu na tena ikiwa na miezi sita, wakati wa mvua, majani ya chini yakiwepo. Mti unaotiliwa shaka tunaufunga utambaa mwekundu. Halafu nyanya huja na kisu. Hakuna shamba linaloitwa zima mpaka miti kadhaa imechimbwa kutoka pembe tofauti na mihogo yake kukatwa vipande, watu wakaona weupe kwa macho yao. Utaratibu huo ni wake, hakuusoma popote. Mmoja wa waendesha bodaboda hupiga picha ya vipande hivyo, na picha hiyo, si ile ya kioo cha simu, ndiyo tunayotuma kwenye kundi.

Nyanya bado hajakipenda Kiswahili. Ila siku moja nilimsikia akimweleza jirani kwa Kiteso juu ya ugonjwa ulioko chini ya ardhi, na katikati ya maneno yake akasema "michirizi" kama kilivyo, bila kutafsiri. Jirani akalirudia. Nilitamani mhadhiri wangu wa isimujamii angekuwepo.

Mwezi Machi mwaka huu nilichukua pesa nilizokuwa nimeweka kwa ajili ya viatu, nikaenda Serere kwa mkulima anayezalisha mbegu zinazokaguliwa, nikarudi na fungu la NAROCASS 1 juu ya bodaboda. Zilitoka pingili 60. Tulizipanda nyuma ya nyumba, mbali na shamba la zamani, na 52 zimeshika. Wiki iliyopita yule mama mjane alimtuma mwanawe aniulize kama katika hizo kuna zake. Nimemjibu kwamba ziko, ila asubiri mvua za mwaka ujao, na kwamba kabla ya kuzikata tutachimba kwanza, yeye mwenyewe akiwepo. Sikumwandikia. Nilikwenda kumwambia.