Miaka Mitatu Baina ya Jamia na Kawangware



Binti wa pwani anapoomba ruhusa ya kwenda Nairobi, wazee hawaulizi sana atalala wapi au atakula nini, kwani hayo hupatiwa majibu. Huuliza: akirudi, atarudi akiwa nani? Sisi ni mabinti wawili wa Mombasa, mmoja mtoto wa mama mkubwa na mwenziwe mtoto wa mama mdogo, tuliolelewa nyumba moja katika Mji wa Kale. Tumekaa Nairobi miaka mitatu, mmoja akisomea uhasibu na mwenziwe ualimu. Sasa masomo yamekwisha, na kila mmoja amelazimika kuchagua kubaki au kurudi. Twauandika mji ule kama tulivyouona, na namna tulivyofikia uamuzi wetu, huenda ukawafaa mabinti walio njiani na wazazi wenye wasiwasi.

Safari yenyewe siku hizi ni nyepesi. Tangu Juni 2017 treni ya abiria ya reli mpya hutoka Miritini hadi Syokimau, mwendo wa kilomita 472 hivi, kwa saa tano au sita. Ukikaa dirishani utaziona tambarare za Tsavo zikifunguka baada ya Voi, na ukijaaliwa utawaona ndovu wekundu kwa vumbi la ardhi ile. Nyanya yetu, aliyeipanda treni ya zamani iliyolala njia nzima usiku, hutucheka tukisema tumechoka. Ile reli ya kwanza ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, na mwaka 1899 ikafika penye kinamasi ambapo Wamaasai walipaita kwa maji yake baridi. Hapo ndipo palipoota Nairobi. Basi mji ule mkubwa ulizaliwa na njia iliyotoka kwetu, na mtoto wa Mombasa hana haja ya kuuingia kwa unyonge.

Lakini baridi haina heshima kwa mgeni. Mwezi wa Julai anga huwa la kijivu wiki nzima, na buibui pekee halitoshi. Tulijifunza kuvaa sweta ndani na soksi nzito. Maji ya kutawadha alfajiri yalitufunza subira kuliko somo lolote la darasani.

Katikati ya mji, kituo chetu cha kwanza kila Ijumaa kilikuwa Msikiti wa Jamia. Ulijengwa kati ya mwaka 1925 na 1933, na makuba yake matatu na minara yake miwili imesimama baina ya majengo marefu kama mzee aliyezungukwa na wajukuu waliomzidi kimo. Nje kuna honi, wachuuzi na makanga wanaoita abiria. Ukivua viatu na kuingia upande wa wanawake, kelele zote hubaki mlangoni. Humo tulikutana na kina dada wa Kisomali kutoka Eastleigh, wa Kihindi kutoka Parklands, Waborana waliotoka kaskazini, na mabinti wa makabila ya bara waliosilimu na ambao hawana jamaa wa kufuturu nao. Kwetu Mombasa Uislamu tumeurithi pamoja na nyumba na mtaa. Hapo Jamia tulikaa na watu walioufikia kwa kuuchagua, wakagharimika, na jambo hilo lilitutikisa.

Jirani na msikiti iko Maktaba ya McMillan, yenye nguzo kubwa mbele na simba wa mawe mlangoni. Ilifunguliwa mwaka 1931, na miaka mingi ya mwanzo Mwafrika hakuruhusiwa kuingia. Sisi tulikuwa tukiswali Adhuhuri kisha twaenda kusomea humo hadi Alasiri, bila ya mtu kutuuliza lolote. Mara kwa mara tulikumbushana kuwa kiti tulichokikalia kiliwahi kukatazwa watu kama sisi, na kwamba haifai kukikalia kwa kuchezea simu.

Jioni tulipanda gari nambari 46, linalopita Hurlingham na Yaya kuelekea magharibi hadi Kawangware. Mvua ikinyesha nauli hupanda papo hapo, na anayebisha huambiwa ashuke. Tulikodi chumba kimoja, choo cha nje, maji ya kununua kwa mtungi. Asubuhi harufu ya chapati na maharagwe hutanda kwenye vibanda, na mama mboga hukukatia sukuma wiki huku akikuuliza habari za masomo. Hapana mtu tuliyemkosa zaidi, tulipokwenda likizo, kuliko mama yule ambaye si wa dini yetu wala wa kabila letu, na ambaye katika Ramadhani alituwekea ndizi na parachichi kando akijua tutachelewa kurudi.

Ng'ambo kidogo tu ya Kawangware iko Lavington: kuta ndefu, mijakaranda, mageti yenye walinzi. Kila alfajiri wanawake wengi hutoka upande mmoja kwa miguu kwenda kufua na kupika upande wa pili, na jioni hurudi. Wamo mabinti wa umri wetu. Tulipokuwa tukilalamika kuhusu mitihani, tuliwatazama wakipita tukanyamaza. Kuwa na mambo mawili ya kuchagua baina yake ni neema, hata kama kuchagua kwenyewe kunaumiza.

Na kuliumiza. Mmoja wetu, yule mhasibu, aliitwa kwenye mahojiano ya kazi katika ofisi moja ambayo hatutaitaja. Maswali aliyajibu yote. Mwisho aliulizwa kwa upole kama angekuwa tayari kuacha ushungi anapokutana na wateja. Mshahara ulikuwa mzuri, na kodi ya chumba ilikuwa imebaki siku nne. Alishukuru, akasimama, akatoka. Usiku ule tulikula mkate na chai ya rangi. Hatukusema maneno ya ushujaa, kwa kuwa hatukuwa nayo. Tulihesabu fedha zilizobaki, tukalala. Baada ya miezi miwili alipata kazi kwingine, kwa mshahara mdogo zaidi, mahali ambapo wamempa hata kona ya kuswalia.

Mwalimu naye alipata nafasi mbili: moja Kilimani, yenye malipo ya juu, na moja nyumbani Kisauni, yenye malipo ambayo mtu huyataja kwa sauti ya chini. Wakati huohuo mama mkubwa, mzazi wake, aliambiwa na daktari kuwa kisukari kimeanza kumharibu macho. Hakumwita mtoto wake. Alisema tu, “Mwanangu, usinifanye mimi kuwa sababu.” Maneno hayo yalikuwa mazito kuliko kuitwa.

Ndipo ilipotujia kwa uzito siku moja ya Jumapili katika bustani ya miti ya Arboretum, upande wa Kileleshwa. Ilianzishwa mwaka 1907 kujaribu miti ya kigeni, kuona ipi itakubali udongo wa Nairobi na kukua haraka ili itoe kuni za treni. Leo familia huja na vikapu vya chakula, watoto hukimbizana na kima, na huwakosi watu wanaoswali juu ya leso chini ya vivuli. Tulikaa hapo na daftari. Tuliandika kodi, nauli, dawa za mama, na kiasi ambacho kila mmoja angeweza kutuma nyumbani. Tulikuwa tumeswali istikhara siku nyingi tukingoja ndoto, na ndoto haikuja. Kilichokuja ni wepesi wa moyo baada ya hesabu kukamilika na baada ya kuyasema kwa sauti yale tuliyokuwa tukifichana. Mwalimu alisema anataka kurudi, si kwa kulazimishwa, bali kwa kuwa macho ya mama hayangojei. Mhasibu alisema anataka kubaki. Tulilia kidogo, kisha tukala viazi vyetu.

Ikabaki ruhusa. Katika kikao cha simu, mjomba alisema wazi kuwa msichana wa kwetu hakai peke yake mjini. Hatukumbishia, kwa sababu alikuwa akisema kwa mapenzi. Tulimweleza kuwa hatakaa peke yake. Katika Jamia tulikuwa tumezoeana na bibi mmoja wa Kinubi kutoka Kibra, mjane mwenye wajukuu wawili wa kike na chumba kitupu.

Wasomaji wengi wataijua Kibra kwa umaskini wake tu. Wanubi ni wajukuu wa askari Wasudani waliotumikia jeshi la Mwingereza, wakapewa makao katika msitu ule, na jina lenyewe kwa lugha yao ni msitu. Ardhi yao ilikuwa zaidi ya ekari 4,000. Mwaka 2017, baada ya kudai kwa vizazi, walikabidhiwa hati ya ekari 288. Kwa miaka mingi vijana wao waliulizwa maswali ya ziada kila walipoomba kitambulisho, jambo ambalo watu wa pwani hawahitaji kufafanuliwa. Hata hivyo hawakuacha kuswali, kusomesha watoto, wala kufuma. Bibi yule hufuma vifuniko vya chakula vya rangi nyingi viitwavyo tabaga.

Mama mdogo alipanda treni, akaja na mahamri kwenye kikapu, akaiona nyumba kwa macho yake. Wazee wale wawili waliulizana koo zao na mitaa yao hadi chai ikapoa. Mama akaishika tabaga, akaigeuza, akasema, “Hili ni kawa letu, limevaa nguo za sikukuu.” Bibi akacheka, akamjibu, “Basi binti yako yuko nyumbani.” Mjomba alipopigiwa simu usiku ule aliuliza maswali mawili tu, kisha akatoa ruhusa.

Kwa wazazi twaomba jambo moja: njooni muuone mji kabla ya kuukatalia au kuukubalia. Na kwa mabinti: msingoje mji uwaambie nyinyi ni nani. Uamuzi mkubwa ulipotufikia, tuliujibu kwa yale tuliyokwisha kuyazoea kila siku, yaani wakati wa swala, mtu wa kukaa naye, fedha ya kutuma nyumbani, na simu ya mama ambayo hatukuiacha ilie bila kupokewa.

Mwisho wa mwezi huu tutarejesha ufunguo wa chumba cha Kawangware. Mmoja atachukua sufuria, mwenziwe jiko. Tunamwomba Mwenyezi Mungu ampe shifaa mama yetu, awahifadhi mabinti wote walio ugenini, na ajaalie kheri kwa anayebaki na kwa anayerudi. Amin.