Mtu Mzima na Baisikeli

Katika nchi ya Kathonzweni mtoto akianguka kutoka juu ya baisikeli, watu hucheka kidogo kisha husahau. Lakini akianguka mtu wa miaka 45, mwenye wajukuu, habari zake hufika sokoni kabla yeye mwenyewe hajafika. Hilo ndilo linalowazuia watu wazima wengi wasijifunze; si magoti, na mara nyingi si fedha. Ni haya. Nayo haya ina gharama yake.

Nchi yenyewe ni pana. Katika miaka ya 1940 na 1950, msitu ulipofyekwa na mbung'o wakafukuzwa, watu wa milima ya Machakos walihamia nyika ya Makueni, kila mmoja akapata shamba lake, na jirani akawa mbali. Mwendo wa kilomita 8 humchukua mtembeaji zaidi ya saa moja na nusu. Kwa baisikeli, hata kwa mpandaji asiye hodari, ni kama dakika 40. Mtu aendaye sokoni na kurudi huokoa karibu saa mbili za mchana, na wakati wa palizi saa mbili si kitu kidogo. Atakayesema kwamba siku hizi kuna pikipiki amesema kweli. Lakini pikipiki hulipwa kwenda na hulipwa kurudi, na aliyepeleka debe moja la ndengu huona sehemu nzuri ya faida yake imebaki kwa dereva.

Tena kuna jambo la maji. Mtungi wa lita 20 una uzito wa kilo 20, na mama huubeba mgongoni kwa ukanda uliopita kichwani. Baisikeli huchukua mitungi mitatu, hata ikiwa inasukumwa tu. Ni ajabu basi kwamba katika nyumba nyingi baisikeli huwa ya baba, na maji huwa ya mama!

Kujifunza kwenyewe si kugumu kama inavyodhaniwa. Kiti kishushwe mpaka nyayo zote mbili ziguse ardhi. Pedali zikiweza kufunguliwa, zifunguliwe. Kisha mwanafunzi atafute mteremko mdogo, mahali pagumu pasipo mchanga, ajisukume kwa miguu na kuiacha baisikeli iende, macho yakitazama mbele wala si gurudumu. Akiisha kuzoea kusimama wima bila kuyumba, pedali zirudishwe. Asubuhi na mapema ni wakati mwema, kwa kuwa hakuna jua kali na watazamaji ni wachache. Akipita kijana na kusema, “Pole, mwaitu,” mama aitikie na kuendelea.

Mwandishi mashuhuri wa Urusi, Tolstoy, alijifunza baisikeli mwaka 1895, akiwa na umri wa karibu miaka 67, muda mfupi baada ya kufiwa na mwanawe mdogo. Yeye naye alijua kwamba watu wanamtazama, akaona kuwa maoni yao hayana uzito.

Karani akaaye kitini kutwa ana sababu nyingine. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2020 kwamba mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila juma. Safari za kazini, dakika 15 kwenda na 15 kurudi kwa siku tano, hutimiza hesabu hiyo bila kutafuta nafasi nyingine. Mwenye ugonjwa wa moyo amwulize daktari kwanza.

Palipo na mchanga mwingi, afadhali kushuka na kusukuma. Hata mpandaji wa siku nyingi hufanya hivyo. Adui mkubwa ni miiba ya migunga. Kwa hiyo mpandaji achukue pampu, gundi na viraka, na ajue kuutia mpira wa ndani katika beseni la maji ili aone povu linapotokea.